Pierre Romain-Desfossés: mwalimu aliyegeuza hangari kuwa shule

LIKASI – Mwalimu wa Likasi anayetaka kuonyesha darasa lake picha ya samaki au ndege, leo anaitafuta kwenye simu. Wanafunzi wanaiiga, na mwisho wa saa madaftari yote yanafanana. Miaka karibu 80 iliyopita, huko Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, mtu mmoja alianzisha shule yenye katazo moja kubwa: hakuna kuiga.

Mtu huyo ni Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyezaliwa Brest mwaka 1887. Alikuwa mwanajeshi na mchoraji. Baada ya Vita vya pili vya dunia alikaa Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule, na mwaka 1946 akafungua shule ya uchoraji. Watu waliizoea kwa jina la Le Hangar.

Katika Katanga ya wakati ule, Likasi ikiitwa bado Jadotville, shule za migodi ziliandaa mafundi na makarani. Mtoto alifuata mfano uliowekwa mbele yake. Katika hangari mfano haukuwepo. Kila mmoja alipewa rangi na nafasi, kisha akaambiwa achore anachokijua: msitu, mto, wanyama, uwindaji, hadithi za kwao.

Matunda yalionekana upesi. Bela, aliyetoka upande wa Chad na kuwa mtumishi wa Desfossés, aliacha brashi na kuchora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza turubai kwa ndege, samaki na majani madogo madogo. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine. Walifundishwa na mwalimu mmoja, lakini hakuna anayeweza kuchanganya kazi zao. Picha zao zilifika hadi kwenye maonyesho ya Ulaya.

Lakini katazo hilo lilikuwa na upande wa pili. Desfossés aliwachukua wanafunzi kama watoto wake, wakati Pilipili, aliyezaliwa 1914, alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30. Aliogopa sanaa ya Ulaya isiharibu mikono yao, kwa hiyo akawaweka mbali nayo. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona. Wao hawakuulizwa kama wanataka kuiona. Huo ulikuwa ukoloni pia, hata kama ulikuja na upendo.

Desfossés alikufa mwaka 1954, na hangari haikuishi bila yeye. Pilipili na Mwenze waliingia katika Chuo cha Sanaa ambacho Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951. Huko wakawa walimu, na vijana wengi wa Katanga walipita mikononi mwao.

Shule nyingi zetu leo zinangojea kompyuta na intaneti, na zina haki ya kuzipata. Mwalimu wa Likasi mwenye simu tayari anacho kitu kilichokosekana katika hangari: anaweza kufungulia watoto picha za dunia nzima, pamoja na zile za Pilipili, Bela na Mwenze. Wakishaziangalia vizuri, airudishe simu mfukoni na kuwaambia wachore mto Panda, kila mmoja jinsi anavyoujua.