Sondre Norheim: Fukara aliyeufunza ulimwengu raha ya theluji

ALIPOFARIKI mnamo Machi 9, 1897 katika nyika tambarare za North Dakota, Marekani, Sondre Norheim alikuwa mkulima mhamiaji asiye na mali wala cheo. Kaburi lake, karibu na kijiji cha Denbigh, lilikaa miongo mingi bila jiwe la kumtambulisha. Hata hivyo, mtu huyu ndiye anayeitwa hadi leo baba wa mchezo wa kisasa wa skii, yaani mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni.

Wakenya wengi walianza kuufuatilia mchezo huu mwaka wa 1998, Philip Boit alipoiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano, Japani. Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri utepeni ili amkumbatie. Nchini kwao Dæhlie, skii si jambo la mashindano pekee. Ni sehemu ya malezi, na kiini cha mapenzi hayo ni bonde dogo liitwalo Morgedal, katika wilaya ya Telemark, kusini mwa Norway.

Huko ndiko Sondre alikozaliwa Juni 10, 1825, katika kibanda cha magogo kilichoitwa Øverbø. Wazazi wake walikuwa wakulima wasiomiliki ardhi. Waliishi katika kipande cha shamba la mwenyewe na kukilipia kwa jasho lao, hali isiyo mbali na ile ya maskwota katika mashamba ya walowezi hapa Kenya enzi za ukoloni. Jina Norheim lenyewe lilikuwa la kijishamba alichowahi kuishi, kwa kuwa desturi ya huko ilikuwa mtu kuitwa kwa jina la mahali anapokaa. Mwaka wa 1854 alimwoa Rannei, wakajaliwa watoto, naye akaendelea kuitafutia jamaa yake riziki kwa kilimo na useremala.

Skii hazikuwa jambo geni. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wamezitumia kwa maelfu ya miaka kuwinda, kukusanya kuni na kwenda kanisani theluji inapofunika njia. Lakini zilikuwa chombo cha safari tu. Mguu ulishikwa na ukanda mmoja vidoleni, kisigino kikabaki huru. Kwenye mteremko mkali, msafiri alilazimika kuegemea fimbo ndefu iliyokuwa breki na usukani wake. Aliyethubutu kuruka au kukata kona ghafla aliziona skii zikimchomoka, akabaki amelala thelujini.

Mti hauendi ila kwa nyenzo, nayo nyenzo ya Sondre ilikuwa mizizi. Alisokota mizizi laini ya miti, akaizungusha nyuma ya kisigino na kukaza, hivi kwamba kiatu na ubao vikawa kitu kimoja lakini mguu ukabaki na uhuru wa kupinda. Pia alichonga skii fupi kuliko zilizozoeleka, zilizobonyea kiunoni na kupanuka mbele na nyuma. Umbo hilo huusaidia ubao kujipinda wenyewe unapoegemezwa ubavu. Wanahistoria hubishana iwapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubuni kila kimojawapo cha vitu hivyo, maana mafundi wa vijijini hawakuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu. Lisilobishaniwa ni kwamba yeye ndiye aliyeonyesha vinavyoweza kufanya.

Na alivyoonyesha! Sondre aliitupa fimbo. Alishuka akiwa ametanguliza mguu mmoja na kukunja goti la mguu wa nyuma, akakata kona laini kushoto na kulia kama mto upitao kati ya mawe. Mtindo huo ungali ukiitwa Telemark. Alijirusha kutoka kwenye vilima na magenge, na inasimuliwa kijijini kwamba hata mapaa ya nyumba, yalipofunikwa na theluji, hayakusalimika. Alipotua alisimama wima na kuendelea na safari yake.

Haya yote hayakumletea chakula mezani. Masimulizi ya Morgedal yanamchora kama mtu mcheshi, mkarimu kwa watoto, ambaye theluji nzuri ilipoanguka aliona shida kubaki shambani. Wengine waliona ni uzembe. Lakini vijana walimfuata mlimani na kuiga kila alichofanya, na kilichokuwa kazi ya majira ya baridi kikageuka kuwa sherehe yake. Miezi ya giza na baridi, iliyokuwa ya kuvumiliwa tu, ikawa ya kungojewa kwa hamu. Hapo ndipo ulipo mchango wake mkubwa, kuliko hata ule wa mizizi na mbao.

Mnamo Februari 1868, yalipoandaliwa mashindano makubwa katika mji mkuu wa Christiania, ambao tangu 1925 huitwa Oslo, Sondre aliondoka Morgedal na wenzake kwa skii, safari ya takriban kilomita 200. Alikuwa na umri wa miaka 42, naye akashindana na vijana ambao angeweza kuwazaa. Watu wa mjini walizoea kuona wachezaji wakishuka kwa kukalia fimbo zao. Walipomwona mkulima huyu akiruka mikono mitupu, akatua bila kuyumba na kusimama kwa kona moja ya haraka, walipigwa na butwaa. Zawadi ya kwanza ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo mtindo wa Telemark ulienea. Ndugu wawili wa Morgedal, Torjus na Mikkjel Hemmestveit, walianzisha shule ya skii mjini Christiania mwaka wa 1881, kisha nao wakahamia Marekani na kuupeleka ujuzi huo huko. Neno slalom, linalotumiwa sasa kote duniani kwa mbio za kupinda kati ya vijiti, lina asili yake katika lahaja ya Telemark na maana yake ni njia ya skii kwenye mteremko.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sondre alitunzwa kwa makofi, lakini makofi hayajazi chungu. Norway ya wakati huo ilikuwa na watu wengi na ardhi chache yenye rutuba, na maelfu kwa maelfu walikuwa wakivuka bahari kwenda Marekani. Mwaka wa 1884, akikaribia umri wa miaka 59, Sondre alifunga virago pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao. Walifikia jimbo la Minnesota, kisha wakaelekea magharibi hadi eneo ambalo lilikuja kuwa jimbo la North Dakota mwaka wa 1889.

Huko alipata kile alichokikosa maisha yake yote, ardhi. Alichokiacha nyuma ni milima. Theluji ilikuwa tele, upepo ulikuwa mkali, lakini nchi ilikuwa bapa kama sinia hadi upeo wa macho. Inasimuliwa kwamba hata katika uzee wake aliweka jozi ya skii karibu na mlango wa nyumba. Hakuwa na mteremko wa kuteremka, lakini hakukubali kuishi bila mbao hizo.

Kumbukumbu yake ilizinduka kwao. Oslo ilipopewa nafasi ya kuandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1952, waandalizi hawakwenda Ugiriki kutafuta moto. Walikwenda Øverbø. Mnamo Februari 13 mwenge uliwashwa mekoni katika kibanda alimozaliwa Sondre. Aliyeuwasha alikuwa Olav Bjaaland, mzaliwa wa Morgedal aliyekuwa miongoni mwa watu watano wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia mnamo Desemba 1911 pamoja na Roald Amundsen. Wakimbiza mwenge 94 waliupokezana kwa skii hadi Oslo. Mwaka wa 1960 moto wa meko hayo ulivuka bahari hadi Squaw Valley, Marekani, nchi iliyompa Sondre kaburi. Katika muongo huohuo, kaburi hilo nalo likapata jiwe lenye jina lake.

Skii sasa ni biashara ya mabilioni, yenye hoteli, lifti za kupandia milimani na vifaa ghali ambavyo mkulima wa Morgedal asingeweza kuvinunua. Sondre hakuacha kampuni, hataza wala shamba kubwa. Aliwaachia watu sababu ya kufurahi theluji inapoanguka, na urithi huo haujawahi kugombaniwa mahakamani, kwa kuwa kila anayeutaka huupata wote.