Alexander von Humboldt na Mimea ya Mlimani

Alexander von Humboldt alizaliwa mjini Berlin tarehe 14 Septemba, 1769. Wakati huo Berlin ulikuwa mji wa ufalme wa Prusia. Leo ni mji mkuu wa Ujerumani. Baba yake alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka tisa. Mtoto huyo alipenda kuokota majani, wadudu na mawe, hata watu wa nyumbani wakamtania kwa kumwita mwuza dawa mdogo. Alisoma elimu ya madini, akawa mkaguzi wa migodi. Mama yake alipofariki mwaka 1796 alimwachia mali nyingi. Humboldt aliacha kazi, akanunua vyombo vya kupimia, akatafuta njia ya kwenda nchi za mbali.

Mwaka 1799 mfalme wa Hispania alimruhusu kutembelea makoloni yake ya Amerika. Alisafiri kwa merikebu pamoja na Aimé Bonpland, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa mimea.

Mwaka 1800 walifika katika ziwa Valencia, nchini Venezuela. Wenyeji walikuwa na wasiwasi mkubwa. Maji ya ziwa yalipungua mwaka hata mwaka, na vilivyokuwa visiwa vikawa vilima katikati ya nchi kavu. Wengi walidhani kuwa chini ya ziwa kuna tundu. Humboldt aliichunguza milima iliyolizunguka, akaona sababu nyingine. Misitu ilikuwa imefyekwa ili kupata mashamba, na vijito viligeuzwa kumwagilia nili na miwa. Mahali penye msitu majani huzuia jua kali, mizizi hushika udongo, na maji ya mvua huingia ardhini polepole. Miti ikiisha, mvua hubeba udongo. Mito hufurika kwa siku chache, kisha hukauka. Haya ninyi mnajifunza darasani, lakini wakati ule waliokuwa wameyaandika walikuwa wachache sana.

Kutoka huko walisafiri mpaka milima ya Andes. Tarehe 23 Juni, 1802, waliupanda mlima Chimborazo, ulioko Ekuado. Siku hizo watu wengi waliuhesabu kuwa mrefu kuliko milima yote duniani. Humboldt alikuwa na barometa, yaani bomba la kioo lenye zebaki. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa iliyo juu yake hupungua, na zebaki hushuka. Hivyo aliweza kujua kimo cha mahali aliposimama. Njia hiyo ndiyo aliyoitumia katika milima yote aliyopanda: hupima kimo na joto, kisha huandika ni mimea gani inayoota hapo.

Walipanda kwa baghala, kisha kwa miguu. Wapagazi waliwaacha, isipokuwa mmoja. Njia ilikuwa nyembamba, na pande zote mbili palikuwa na miteremko mikali. Walipungukiwa na pumzi. Midomo na fizi zao zikatoka damu. Kwa hesabu ya barometa walikuwa karibu meta 5,900 walipozuiwa na ufa mkubwa. Hawakufika kileleni.

Lakini kilele si jambo kubwa katika safari ile. Humboldt aliona kwamba mimea ya mlima hupangika kwa kanda. Chini kulikuwa na migomba na miti ya jamii ya mnazi. Juu yake kangaga warefu kama miti. Halafu vichaka, nyasi, na mwisho ukoga mkavu unaoshikamana na mawe. Theluji ya daima ilianzia karibu meta 4,800. Mwanafunzi wa Moshi hatashangaa, maana Kilimanjaro nao una kanda zake.

Mwaka huo huo walifika Loja, kwenye misitu ya mti wa kwinini. Gome lake lilitibu homa ya malaria, na wavunaji waliiangusha miti mizima ili kulipata. Kisiki cha mti huo huchipua tena, lakini machipukizi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa gome la kufaa. Baadaye mti huo ulipandwa hata Amani, katika milima ya Usambara.

Humboldt alirudi Ulaya mwaka 1804. Yeye na Bonpland walikuwa wamekusanya vipande vya mimea kama 60,000. Mwaka 1807 alichapisha mchoro wa Chimborazo wenye majina ya mimea, kila mmea katika kimo chake. Mali yake yote iliishia katika safari na vitabu. Alifariki mjini Berlin tarehe 6 Mei, 1859, akiwa na umri wa miaka 89.

Mwaka 2012 wataalamu waliupanda tena Chimborazo ili kulinganisha. Wengine walionyesha mwaka 2019 kwamba mimea mingi ya juu katika mchoro ule ilitoka mlima Antisana, ambao Humboldt aliupanda pia. Nao wakapima huko. Vipimo vyao vilitofautiana, lakini wote waliona kuwa mimea imehamia juu kwa zaidi ya meta 200, kwa sababu ya joto kuongezeka.