Stanley Matthews na staftahi ya mwanasoka wa Kwale

Katika shule zetu za pwani ya kusini, kuanzia Waa hadi Lunga Lunga, mwalimu wa michezo hakosi kuulizwa na wanafunzi afanye nini mtu ili awe mwanasoka wa kulipwa. Aghalabu wanaouliza hutarajia kutajiwa majina ya wachezaji wanaowaona katika televisheni za vibanda vya Ukunda. Mimi huwatajia mtu aliyezaliwa tarehe 1 Februari 1915 na kufariki mwaka 2000, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona uwanjani. Huyo ni Stanley Matthews, winga wa kulia wa timu ya taifa ya Uingereza, aliyecheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ya nchi yake tarehe 6 Februari 1965. Hesabu hiyo ni nyepesi: alikuwa ametimiza miaka 50 na siku 5.

Wala asidhani msomaji kuwa mtu huyu ni mgeni wa bara letu. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1978 alikuwa akitumia likizo zake kuwafunza watoto maskini kusakata kabumbu katika nchi za Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, na hata hapa jirani, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo yapo makuzi ya kandanda ya Afrika Mashariki yaliyopitia mikononi mwake, ingawa leo ni wachache wanaolikumbuka jambo hilo.

Matthews alizaliwa Hanley, mji wa wafinyanzi katikati ya Uingereza. Baba yake, Jack, alikuwa kinyozi mchana na bondia usiku. Kinyozi huyo alitaka mwanawe awe bondia kama yeye, na alipokubali hatimaye kuwa mtoto amependa mpira, hakulegeza kamba. Alimwamsha alfajiri na mapema kufanya mazoezi ya viungo na ya kupumua, jua na mvua, kabla mtoto hajatia kitu kinywani. Mtoto akakua akidhani kila nyumba iko hivyo. Mwaka 1932, akiwa na miaka 17, klabu ya Stoke City ikamwandika kuwa mchezaji wa kulipwa, na desturi ya alfajiri hakuiacha tena mpaka uzeeni.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo wanafunzi wangu hutega masikio. Zama hizo wachezaji wengi wa Uingereza walivuta sigara hata chumbani mwa kubadilishia nguo, wakanywa bia baada ya mechi, na kabla ya kuingia uwanjani wakala pande la nyama ya ng'ombe kwa imani kuwa nyama ndiyo nguvu. Leo tunajua kuwa nyama nyingi hukaa tumboni kwa muda mrefu na kumfanya mchezaji awe mzito, na kwamba anayekimbia dakika 90 anahitaji zaidi wanga aliouhifadhi mwilini tangu jana yake. Matthews hakuwa na daktari wa kumweleza hayo. Hakuonja pombe, hakuvuta sigara, nyama aliipunguza karibu aiache kabisa, akashika mboga mbichi, matunda na maji ya karoti. Kila Jumatatu alifunga, asile kitu.

Nikifika hapo darasani Msambweni, watoto hucheka kwa furaha, kwani nyumbani kwao wapo wazee wanaofunga sunna za Jumatatu na Alhamisi. Huwa nawatahadharisha wasiitumie habari hiyo vibaya. Matthews alifunga Jumatatu kwa sababu ligi ilichezwa hasa Jumamosi; alikuwa akiupumzisha mwili mbali na siku ya kazi. Kufunga kwa hiari kwa mtu mwenye kabati lililojaa chakula si sawa na kushinda na njaa kwa kijana asiyejua atakula nini jioni. Hawa wawili, ingawa wote matumbo ni matupu, hawafanani hata kidogo, na mimi nasikitika kila ninaposikia kocha akiwachanganya.

Chakula cha Matthews chenyewe hakikuwa cha kifahari. Lau angezaliwa Kwale, angekuta karibu kila alichokihitaji: mbaazi, kunde na pojo za kujenga misuli, mihogo na viazi vitamu vya kutia nguvu, mchicha na kisamvu, machungwa na maembe ya msimu, dafu la kurudisha maji na chumvi mwilini baada ya jasho, na samaki waliovuliwa asubuhi hiyo hiyo. La ajabu ni kwamba kijana wetu hupita katikati ya neema hiyo akaenda mazoezini kwa soda na viazi karai.

Mwaka 1947 klabu ya Blackpool ilimnunua kwa pauni 11,500, akiwa na miaka 32, umri ambao wengi walimhesabu kuwa mzee. Blackpool ni mji wa ufuoni unaoishi kwa watalii na hoteli, mfano wa Diani isipokuwa baridi. Matthews na mkewe wenyewe walikuwa na hoteli ndogo huko. Kila asubuhi alikwenda kukimbia kwenye mchanga wa pwani. Hakukimbia mbio ndefu tu. Alijua kuwa winga humwacha beki katika hatua chache za mwanzo, kwa hiyo alirudia mbio fupi za kasi, tena na tena, mchangani, mahali ambapo mguu huzama na msuli wa ndama hulazimika kufanya kazi maradufu. Baada ya kuona katika Kombe la Dunia la 1950 jinsi wachezaji wa Amerika Kusini walivyovaa viatu vyepesi, aliagiza atengenezewe vyake, vyepesi kiasi kwamba havikudumu mechi nyingi. Sisi tunao mchanga wa Diani maji yakipwa, bure, kilomita kwa kilomita, na kwenye mchanga huo viatu havihitajiki kamwe.

Sisemi kuwa alikuwa malaika. Mtu huyo asiyevuta sigara alikubali picha yake itumike kutangaza sigara za Craven "A", na bila shaka wapo vijana waliovuta kwa kumfuata. Nalitaja hili kwa sababu ya muguka. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku jani hilo, mahakama ikasimamisha marufuku hayo, na mjadala ukageuka kuwa wa biashara na siasa. Mwalimu wa michezo analijua upande mwingine. Muguka huondoa hamu ya kula na huiba usingizi, na mwili hujijenga upya mtu akiwa amelala. Mchezaji anayetafuna usiku kucha hajengi kitu, hata akimbie mchanga wote kutoka Tiwi hadi Gazi.

Na ari je? Jack Matthews alipokuwa akifariki mwaka 1945 alimuachia mwanawe wosia kwamba amtunze mama yake na ashinde Kombe la FA. Blackpool ilifika fainali mwaka 1948 ikafungwa na Manchester United, ikafika tena 1951 ikafungwa na Newcastle. Mwaka 1953 ilikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1 dhidi ya Bolton zikiwa zimebaki dakika kama 20. Matthews, mwenye miaka 38, ndiye aliyekuwa bado na mapafu. Beki wa kushoto wa Bolton na wenzake walikuwa wamechoka. Mechi ikamalizika 4 kwa 3, Stan Mortensen akifunga matatu na Bill Perry la ushindi, kutokana na krosi ya Matthews katika dakika za mwisho. Miaka mitatu baadaye, 1956, akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya mwanasoka bora wa Ulaya, akiwa na miaka 41.

Viongozi wetu wa klabu hupenda kusimulia sehemu hii, kisha huwageukia wachezaji na kuwalaumu kwa kukosa moyo. Mimi napingana nao waziwazi. Ni kweli Matthews hakuwa tajiri. Sheria ya kima cha juu cha mshahara iliyofutwa mwaka 1961 haikuwahi kumruhusu mchezaji yeyote kupokea zaidi ya pauni 20 kwa wiki, na hayo yalikuwa dhuluma kwa mtu aliyejaza viwanja. Aliporudi Stoke mwaka huo huo wa 1961, watazamaji walipanda kutoka 8,409 hadi 35,974 kwa sababu yake peke yake. Lakini fedha hizo chache zilimfikia kila wiki bila kukosa. Alikula, alilala, akaamka alfajiri akiwa na hakika ya kesho. Kijana wetu aliyeshinda juu ya bodaboda au aliyekesha baharini akivua, akafika uwanjani saa kumi jioni na chai kavu tumboni, akidaiwa nauli na kuahidiwa posho isiyofika, huyo tunamdai ari ipi?

Matthews mwenyewe aliyaonja machungu ya uongozi mbaya. Alipokuwa meneja wa Port Vale, klabu hiyo ilifukuzwa katika ligi mwaka 1968 kwa malipo kwa wachezaji yaliyokiuka kanuni, ingawa ilirudishwa kwa kura. Alifahamu kumfunza mtoto. Vitabu vya hesabu vilimshinda. Mwaka 1975, katika Soweto ya enzi ya ubaguzi, aliunda timu ya wanafunzi Waafrika, na aliposikia kuwa ndoto yao ni kuiona Brazil, hakuwahubiria juu ya moyo wa kujitolea. Alitafuta wafadhili, akawapeleka Brazil.

Nimependekeza kwa viongozi wa klabu mbili za huku kwetu kwamba, kabla ya kununua jezi mpya za msimu, watenge sufuria ya mbaazi za nazi na mihogo saa mbili na nusu kabla ya kila zoezi, na apatikane mtu mmoja wa kuandika posho zilizolipwa na zisizolipwa, daftari hilo libandikwe ukutani. Mmoja amekubali sufuria. Daftari bado wanalijadili.