Padre Cecil Majaliwa, Aliyerudi Bara

Huenda msomaji atajiuliza kwa nini kitabu cha miaka 100 ya usharika wa Kilutheri kinampa nafasi mtu ambaye hakuwa Mlutheri hata siku moja. Padre Cecil Majaliwa alikuwa Mwanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Lakini Injili ilipoingia katika nchi hii iliyo kati ya Lukuledi na Ruvuma, haikungoja madhehebu yetu yapangwe. Wabenediktini walipoanza kazi Ndanda mwaka 1906, Majaliwa alikuwa ameondoka kusini tangu miaka 9 iliyopita. Yeye ni mtangulizi wetu sote.

Ili kumwelewa yatupasa kwanza kukumbuka jinsi watu wa wakati wake walivyopima mafanikio. Katika mji wa Unguja kipimo kilikuwa uungwana. Mtu wa bara aliitwa mshenzi, naye mtumwa aliyepata uhuru alijitahidi kwa kila njia kufuta alama za bara. Alivaa kanzu safi, alisema lugha ya mjini, na akipata uwezo alinunua watumwa wake mwenyewe. Huku bara nako, hasa kwa Wayao, aliyefanikiwa alikuwa mkuu wa msafara, yule aliyeshuka pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa, akapanda tena na nguo, bunduki na baruti. Pande zote mbili zilitofautiana kwa mengi, ila katika jambo moja zilipatana: heshima ya mtu ilihesabiwa kwa idadi ya watu walio chini yake.

Majaliwa aliijua hesabu hiyo akiwa upande wa waliohesabiwa. Alitekwa bara akiwa mtoto mdogo, akafikishwa Unguja utumwani. Alipokombolewa alilelewa na misheni, akasoma katika chuo cha Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Agustino mjini Canterbury. Mkewe, Lucy, alisomeshwa Mbweni, kisiwani Unguja, mahali ambapo misheni iliwapa makao watu waliotolewa utumwani. Kijana wa namna hiyo, mwenye elimu ya Ulaya na mke msomi, angaliweza kukaa mjini akaheshimiwa na kila mtu. Wala lisingekuwa kosa, maana mjini nako kulikuwa na kazi ya Mungu ya kutosha.

Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akatumwa kusini. Yafaa tukumbuke nchi ya kusini ilikuwa katika hali gani. Askofu Edward Steere alikuwa amewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, akitumaini kwamba kijiji cha Kikristo kitastawi pale. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, walikishambulia kijiji hicho. Wengine waliuawa na wengine walichukuliwa mateka. Kituo kikuu cha misheni kikahamia Newala, kwa mfalme Matola. Kwa mtu aliyewahi kutekwa, kwenda kuishi katika nchi hiyo pamoja na mkewe hakukuwa jambo dogo. Moyo wake hatuwezi kuusoma, ila hatua zake twaziona. Aliishika njia ya misafara kwa kuigeuza: walioipita wengi walitaka kufika pwani, yeye aliipa pwani kisogo.

Kituo chake kilikuwa Chitangali, katika nchi ya Nakaam, mkuu wa Wayao. Hapo aliishi miaka 11, na kwa muda mwingi hakuwa na Mzungu wa kumsimamia. Alifundisha watoto kusoma, aliwaandaa watu kwa ubatizo, aliongoza ibada. Wafanyabiashara waliorudi kutoka pwani walikuja na kanzu na dini ya pwani, na Uislamu ulikuwa ukivuta watu wengi, kwa kuwa ulikuja pamoja na heshima ya mjini. Majaliwa naye alitoka mjini, naye alisoma kuliko wao, lakini hakuwa na bunduki, hakuwa na bidhaa, wala hakumiliki mtu. Wenyeji walipaswa kuamua kama mtu wa namna hiyo ni mkubwa au ni mdogo. Nadhani hilo ndilo lililokuwa hubiri lake gumu kuliko yote, nalo lilihubiriwa bila mimbari.

Mwaka 1890 alishuka Unguja, na Askofu Charles Smythies akampa upadre. UMCA ilikuwa imekwisha kumpa John Swedi ushemasi mwaka 1879, lakini katika upadre Majaliwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo. Alipewa daraja hilo katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, miaka 17 tu kabla. Wengi wangeona kwamba sasa amefika kileleni, basi na abaki huko. Yeye alirudi Chitangali.

Baada ya hapo hakupandishwa cheo kingine kikubwa. Misheni iliyomwamini kumwachia nchi nzima ya Nakaam haikuwa tayari kumkabidhi Mwafrika fimbo ya uaskofu. Dayosisi ya Masasi ilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1968, alipokuja Hilary Chisonga baada ya Trevor Huddleston. Kasoro hiyo ya misheni hatuna sababu ya kuificha. Hata hivyo, tukipima maisha ya Majaliwa kwa vyeo alivyonyimwa, tutakuwa tumekirudisha kile kipimo cha pwani kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1897 alirudi Unguja. Miaka 9 baadaye mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Chiwata, si mbali na Ndanda, akapokewa na mkuu wa Wayao aliyerithi jina la Nakaam. Mkuu huyo alikuwa msomi, na jina lake la ubatizo lilikuwa Barnaba.