Jackson Sundown: Mkimbizi Aliyetawazwa Bingwa

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yatufaa katika kuyadurusu maisha ya Jackson Sundown, bingwa wa kupanda farasi wakali katika mashindano ya Marekani yaitwayo rodeo. Katika mchezo huo, mshindani humkalia farasi asiyekubali kupandwa, akiishika hatamu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili hauruhusiwi kumgusa farasi wala tandiko. Hata hivyo, kudumu mgongoni hakutoshi. Waamuzi ndio wapimao ustadi wa mpandaji na ukali wa mnyama, na palipo na jicho la mwamuzi, upendeleo nao haukosi mlango.

Sundown alizaliwa mwaka 1863 huko Montana, katika kabila la Nez Perce lililosifika kwa ufugaji wa farasi. Jina lake la asili lilikuwa Waaya-Tonah-Toesits-Kahn. Alipotimu umri wa miaka 14, mnamo 1877, serikali iliwashurutisha watu wa kabila hilo waliokuwa wamekataa mkataba waihame ardhi ya mababu zao. Vita vikazuka. Wake kwa waume, wazee kwa watoto, walikimbia zaidi ya kilomita 1,800 huku wakiandamwa na jeshi. Chifu Joseph alisalimu amri tarehe 5 Oktoba, mpaka wa Kanada ukiwa karibu. Kijana Sundown alikuwa miongoni mwa wachache waliopenya na kupata hifadhi kwa Sitting Bull, kiongozi wa Walakota.

Baadaye alirejea Marekani, akajikimu kwa kufuga na kufunza farasi. Katika viwanja vya mashindano alitambulikana kwa nywele zake ndefu, alizozisuka na kuzifunga chini ya kidevu.

Mwaka 1911, katika mashindano ya Pendleton, jimbo la Oregon, fainali iliwakutanisha watu watatu: Sundown, George Fletcher, Mmarekani mweusi, na John Spain, mzungu. Sundown aliangushwa. Waamuzi wakampa Spain ushindi, ilhali watazamaji wengi waliamini kwamba Fletcher ndiye aliyestahiki. Mkuu wa polisi wa eneo hilo, Tillman Taylor, aliikatakata kofia ya Fletcher na kuwauzia watazamaji vipande vyake, kisha akampa mpandaji huyo fedha zilizopatikana. Umma ulikuwa umetoa hukumu yake.

Sundown hakukata tamaa. Mwaka 1915 alishika nafasi ya tatu, akaazimia kustaafu. Mchonga sanamu Alexander Phimister Proctor, aliyekuwa akimtumia kama kielelezo cha kazi yake, alimrai ajaribu tena. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 53, alishindana na vijana ambao angeweza kuwazaa. Safari hii alimtawala farasi wake kwa namna isiyomwachia mwamuzi nafasi ya kusitasita, akatawazwa bingwa. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa jina la kuchorwa kwenye tandiko la zawadi, alilitaja la mkewe.

Sundown alifariki dunia Desemba 1923 huko Idaho kutokana na homa ya mapafu. Serikali iliyomfukuza utotoni haikumrudishia ardhi ya mababu zake. Umati uliomshangilia mwaka 1916 ulimpa kitu kimoja tu ambacho sheria za nchi hiyo zilikuwa zimewanyima watu wake: kupimwa kwa alichokitenda.