Shaaban Robert: Karani wa Serikali Aliyetunga Utubora Mkulima

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wanafunzi wengi wakiona jina la Robert kwenye jalada la kitabu hudhani mwandishi alikuwa Mkristo. Sivyo. Robert ni jina la baba yake, Robert Ufukwe, na asili ya wazee wake ni Wayao. Shaaban mwenyewe alikuwa Muislamu, na mashairi yake yamejaa dua na kumshukuru Mola.

Mwaka 1922 alikuwa hapa Dar es Salaam, mwanafunzi wa shule ya Msimbazi. Mtoto wa Buguruni hana haja ya kuelezwa jina hilo. Mto Msimbazi ndio huo unaotutia hofu kila masika, na Mtaa wa Msimbazi ndio tunaoupita tukienda sokoni Kariakoo. Alisoma mpaka 1926, akatoka na cheti, akiwa wa pili miongoni mwa wanafunzi 11. Siku zile Mwafrika mwenye cheti alikuwa mtu adimu, na mlango uliokuwa karibu naye ulikuwa ukarani katika serikali ya Mwingereza. Shaaban akaingia mlango huo.

Alianza Idara ya Forodha mwaka 1926, akakaa humo miaka 18, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 1944 alihamia Idara ya Wanyama, na kazi ikampeleka mpaka Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 akarudishwa Tanga katika ofisi ya mkuu wa jimbo, kisha mwaka 1952 akaingia Idara ya Upimaji. Ukijumlisha yote, ni zaidi ya miaka 30 ya kuandika barua na hesabu za watu wengine. Hakuna mtu anayemkumbuka leo kwa barua hizo.

Tunamkumbuka kwa yale aliyoyaandika nje ya kazi. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki akiwa bado kijana na kumwachia watoto. Shaaban alimwombolezea kwa shairi linalobeba jina lake, ambalo mpaka leo husomwa mashuleni. Kisha akawatungia watoto wale tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Naomba wazazi mnaosoma gazeti hili mzitafute. Ni baba mjane anayekaa na wanawe na kuwaambia namna ya kuishi na watu, na hakuandika kwa ajili ya mtihani wa mtu yeyote.

Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Wasomaji wengi waliiona Tanganyika humo ndani. Mtu aliyeandika hayo alikuwa akipokea mshahara wa serikali hiyo hiyo, na asubuhi alirudi mezani kwake kama kawaida.

Sasa tuje kwenye kitabu kilichonifanya nichague kumwandika yeye mwaka huu. Siku hizi vijana wetu wanasikia kila mahali kwamba mtu afuate ndoto yake. Riwaya ya Utubora Mkulima inahusu jambo hilo hilo. Vita kuu imekwisha, na Utubora anafanya kazi ya mshahara Unguja. Mwajiri wake anamthamini na hataki kumpoteza. Utubora anaiacha kazi hiyo. Anakwenda Busutamu, shamba, anashika jembe, na huko anatafuta utulivu ambao fedha haikumpa. Mji mzima ungemwita mjinga. Hata leo, mwambie mzee wa Buguruni kwamba mwanawe ameacha ofisi yenye kiyoyozi akalime, uone atakavyokuangalia.

Wapo wanaokisoma kitabu hiki kama ruhusa ya kutupa kazi, au hata masomo. Mimi sioni hivyo, na sababu yangu ni maisha ya mwandishi. Yule aliyemtoa Utubora ofisini hakutoka yeye mwenyewe. Alikuwa na watoto wa kulea, akaoa tena, na nyumba ilikuwa ikingoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Akabaki karani mpaka karibu na Uhuru, huku akiandika. Utubora alimwacha mwajiri kwa siku moja. Shaaban alilipia ndoto yake kidogo kidogo, kwa saa zilizobaki baada ya kazi ya wengine kwisha. Sijui ni njia ipi iliyo ngumu zaidi, ila najua ni ipi inayofanana na maisha ya wengi wetu.

Tena hakupokewa kirahisi na wachapishaji. Kufikirika aliiandika katika miaka ya 1940 na ikakaa bila kuchapwa mpaka 1967. Alipokuwa Tanga alifikia hatua ya kujichapishia mwenyewe baadhi ya vitabu. Heshima alizipata akiwa hai: nishani ya MBE kutoka kwa Waingereza, medali ya Margaret Wrong ya uandishi, na nafasi katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kiingereza alikijua. Lakini alichagua kuandika kwa Kiswahili, wakati ambapo wasomi wengi walikiona ni lugha ya sokoni tu.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Alizikwa kwao Machui. Allah amrehemu. Jijini kwetu jina lake lipo kwenye mtaa mmoja wa katikati ya mji na kwenye shule ya sekondari kule Upanga. Utubora Mkulima hakukiona kikiwa kitabu. Kilichapishwa mwaka 1968, na kwa wasomaji wake wa kwanza yule karani aliyebaki mezani alikuwa kaburini miaka sita.