STANLEY, MWANDISHI WA GAZETI VITANI

Katika michezo ya kuigiza iko aina moja ambayo mchezaji wake ni mtu mmoja tu. Husimama peke yake jukwaani, akasimulia maisha ya mtu fulani kana kwamba ndiye yeye, na watazamaji huyaona majeshi, milima na mito katika maneno yake. Mchezo wa namna hiyo wafaa sana kwa maisha ya mwandishi wa gazeti aliyekwenda vitani, kwa maana kazi yake tangu mwanzo ni hiyo hiyo: mtu mmoja kuwaeleza watu walio mbali mambo yaliyotendwa na wengi. Kama chama cha michezo kikitafuta mtu wa kuigizwa hivyo, mimi ningemchagua Henry Morton Stanley. Katika darasa la historia hutajwa kuwa msafiri. Ni wachache wakumbukao kwamba mshahara wake ulitoka gazetini, na kwamba kazi yake alijifunza vitani. Tena safari yake kubwa ya mwisho ilifika karibu na kwetu West Nile, na matokeo yake tungali tunaishi nayo.

Stanley hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake alikuwa hajaolewa, na baba hakumlea. Babu mzaa mama alimtunza, lakini babu akafa, na mwaka 1847, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, akapelekwa katika nyumba ya maskini mjini St Asaph. Humo yatima na wazee wasio na kitu walilishwa kwa fedha ya kodi, wakafanya kazi kwa amri. Alikaa humo mpaka mwaka 1856. Lakini alifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na hiyo ndiyo mali pekee aliyotoka nayo.

Mwaka 1859 alivuka bahari akiwa mtumishi melini, akashuka New Orleans, Marekani. Huko ndiko alikotwaa jina la Stanley. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba tajiri mmoja wa jina hilo alimfanya mwanawe. Watu waliochunguza habari za mji ule wameyatilia shaka maneno hayo. Na tulikumbuke jambo hili tangu sasa: mtu ambaye dunia ilimtegemea kwa habari alizipamba habari zake mwenyewe. Pengine aliona haya kwa nyumba ile ya maskini, na haya ikamfundisha kujitungia baba.

Mwaka 1861 vita vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini vikaanza. Stanley alijiunga na jeshi la Kusini, na mwezi wa Aprili 1862 akapigana Shiloh, ambako maelfu walikufa kwa siku mbili. Siku ya pili alitekwa, akafungwa katika kambi ya Chicago iliyojaa magonjwa. Ili atoke, alikubali kuingia jeshi la Kaskazini, lakini akaugua na kuachishwa. Mwaka 1864 akaandikwa karani katika manowari ya Kaskazini, akashuhudia ngome ya Fort Fisher ikipigwa mizinga. Aliyoyaona aliyaandika akayapeleka magazetini. Basi hapo mwandishi wa vita akazaliwa. Baadaye alitoroka manowari ile. Alikuwa amehudumia pande zote mbili, wala hakudumu na hata mmoja. Upande aliodumu nao ni gazeti.

Mwaka 1867 aliandika habari za majeshi ya Marekani na Wahindi Wekundu kule magharibi. Mwisho wa mwaka huo akamwendea mwenye gazeti la New York Herald, Bwana James Gordon Bennett mdogo, akaomba apelekwe Uhabeshi. Waingereza walikuwa wakipeleka jeshi chini ya Jenerali Napier ili kuwafungua Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros. Bennett akamkubalia, lakini si kwa mshahara wa kudumu. Angelipwa kwa barua zake.

Hapa ndipo tunapoona ujanja wake. Alipopita Suez, penye ofisi ya simu ya waya, alimpa karani wa simu fedha mapema, wakapatana kwamba habari zake zikifika zitangulie za wengine wote. Jeshi likapanda milima. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ya Magdala ikaanguka, na Tewodros akajiua asitekwe. Stanley akakimbiza barua yake mpaka Suez, nayo ikatangulia. Kisha waya wa chini ya bahari ukakatika, na habari za wengine zikakwama. Gazeti la New York likaitangaza habari ile kabla Serikali ya Uingereza haijapata ripoti ya jenerali wake. Stanley, mwenye miaka 27, akawa mtu wa sifa. Je, kumhonga karani ni sawa? Kila msomaji na ajijibu. Mimi nasema tu kwamba habari ilikuwa ya kweli, lakini njia yake ilinunuliwa.

Mwaka 1869 Bennett alimwita Paris, akamwagiza amtafute Daktari Livingstone, aliyekuwa hajasikiwa siku nyingi katika bara la Afrika. Stanley alifika Unguja Januari 1871, akakusanya wapagazi, akatoka Bagamoyo mwezi wa Machi. Huko Unyanyembe alikuta vita vingine. Mtemi Mirambo alikuwa akigombana na Waarabu wa Tabora juu ya njia ya biashara. Stanley aliacha kuwa mtazamaji, akaingia upande wa Waarabu. Mwezi wa Agosti wakashambulia kijiji cha Mirambo, wakakiteka, wakarudi wamejitwika pembe za ndovu. Mirambo akawavizia njiani akawaua wengi, na waliosalia wakakimbia wakimwacha Stanley mgonjwa wa homa nyuma yao. Ndipo akazunguka kwa njia ya kusini, na karibu na mwezi wa Novemba 1871 akamkuta Livingstone Ujiji. Salamu aliyoitoa siku ile hujulikana na kila mtoto wa shule, kwa hiyo sina haja ya kuiandika. Wazungu wawili waliotoka naye pwani, Farquhar na Shaw, walikufa. Aliporudi Uingereza mwaka 1872, wengine hawakumsadiki, wakadhani barua za Livingstone alizoleta ni za kughushi, mpaka jamaa za mzee walipoutambua mwandiko wake.

Akaenda tena vitani, safari hii Ashanti, pamoja na jeshi la Jenerali Wolseley, lililouchoma mji wa Kumasi mwaka 1874. Vita hivi na vile vya Magdala akaviunganisha katika kitabu kimoja.

Mwaka huo huo magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald, yakachanga fedha kumpeleka tena Afrika. Mwezi wa Aprili 1875 alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Akaandika barua kuwaomba wamisionari waje. Barua hiyo alipewa Mfaransa Linant de Bellefonds, mtumishi wa Gordon, ambaye alikuwa akirudi kaskazini kwa kufuata mto Nili. Linant aliuawa na Wabari, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikakwa chetu. Barua ikafika hata hivyo, ikapigwa chapa London Novemba 1875. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza wakaingia Buganda tarehe 30 Juni 1877, na wa Kifaransa wakafuata mwaka 1879. Shule nyingi za Uganda zina asili yake katika barua moja ya gazetini.

Lakini isisahauliwe kwamba kabla wamisionari hawajafika, Stanley alimwacha kwa Mutesa kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa katika misioni ya Unguja. Huyu ndiye aliyemsomea Kabaka Maandiko na kumwandikia barua zake. Alikuwa mwanafunzi kama sisi. Stanley hupewa sifa ya kuileta misioni. Dallington alibaki kuifanya kazi, na wachache wanalijua jina lake.

Mwaka ule ule likatokea jambo baya. Watu wa kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Viktoria, waliivuta mashua yake nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akaponea chupuchupu. Mwezi wa Agosti akarudi na mitumbwi mingi yenye bunduki, akasimama majini ambako mishale haikumfikia, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukoni. Tunajuaje? Kwa sababu aliandika mwenyewe, akapeleka gazetini. Watu wengi wa Uingereza waliposoma walichukizwa sana. Kalamu yake ndiyo iliyomshitaki.

Kisha akaufuata mto Kongo mpaka baharini, akafika Boma Agosti 1877. Wazungu watatu aliotoka nao walikuwa wamekufa wote, na wapagazi wengi sana wamekufa kwa njaa, ndui, vita na maporomoko ya maji. Kijana Kalulu, aliyekuwa amempeleka mpaka Uingereza, alizama mtoni. Wale waliobaki waliokolewa na wenzao: Uledi, nahodha wa mashua, na Robert Feruzi walikuwa miongoni mwa waliotangulia na barua mpaka Boma kuomba chakula, na chakula kikaja. Stanley akawarudisha Unguja kwa meli.

Tangu mwaka 1879 hata 1884 aliacha gazeti, akamtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akafungua njia na vituo huko Kongo na kuwapatia machifu mikataba ya kutia alama. Watu wakamwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Juu ya vituo hivyo Leopold alijenga dola ya mpira na mateso. Tangu mwaka 1894 hata upande wetu wa magharibi wa Nili, uitwao Lado, ulikodishwa kwake, ukawa chini yake mpaka alipokufa mwishoni mwa mwaka 1909. Mwaka 1910 ukarudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda. Ndiyo maana sisi wa Koboko na Arua ni Waganda wa nchi, si Wakongo.

Safari ya mwisho ilikuwa ya kumwokoa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa liwali wa jimbo la Ikweta, mwenye makao Wadelai, katika West Nile yetu. Khartoum ilipoanguka mwaka 1885, njia yake ya kaskazini ilizibwa. Stanley alitoka Unguja mwaka 1887, akazunguka kwa Kongo, akapita msitu wa Ituri ambamo watu wake walikufa wengi. Tarehe 29 Aprili 1888 akakutana na Emin kando ya Ziwa Albert. Mwokozi alikuwa amechakaa kwa njaa, na aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewapa watu wake chakula na nguo! Emin hakutaka kuondoka. Lakini askari wake wakaasi Dufile, wakamfunga, na mwaka 1889 Stanley akaondoka naye pamoja na watu wapata elfu moja na mia tano kuelekea Bagamoyo, na msafara ukafika huko tarehe 4 Desemba.

Askari wengi waliachwa nyuma, chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko Kavalli, akawaingiza katika jeshi lake Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi tunaokaa nao Arua na Koboko, tunaonunua nao sokoni na kusoma nao darasa moja. Kitabu kikubwa cha Stanley juu ya safari ile kiliuzwa sana, lakini ndani yake askari hao ni kundi la waasi tu. Walivyoiona habari hiyo wao wenyewe, kitabu hakituambii.

Stanley alioa Westminster Abbey mwaka 1890, akawa mbunge tangu 1895 hata 1900, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, akafa London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, akakataliwa. Kaburi lake liko kijiji cha Pirbright.

Basi, huyo ndiye mtu wetu wa jukwaani. Alikuwa jasiri, hilo halina ubishi. Mtoto wa nyumba ya maskini aliyejiinua kwa kalamu na miguu. Alikuwa mkali pia, na damu ya Bumbire haifutiki. Ila shabaha ya makala haya si kumsifu wala kumhukumu. Katika mchezo wa mtu mmoja, wengine wote hunyamaza. Na ndivyo ilivyokuwa katika maisha yake: Mirambo hakuwa na gazeti, Uledi hakuandika kitabu, na watu wa Bumbire walisomwa London kwa maneno ya aliyewapiga. Mgeni alikuwa na kalamu, wenyeji wakawa na kumbukumbu, na kumbukumbu huzikwa pamoja na mzee.

Sisi leo tuna kalamu. Wazee wa Ludara na wa Wanubi wangali wanasimulia habari walizopokea kwa baba zao, za Emin, za Wabelgiji na za vita vilivyofuata. Likizo ijayo, kila mmoja wetu na amkalie babu mmoja, amsikilize, aandike, akiweka jina la msimulizi na mahali. Nanyi mliokwisha kumaliza shule, wenye mnayoyajua, leteni. Mtajo wa kwanza tukautoe sisi, tusingoje tena mgeni aje kutusimulia.